Kosta ya Tongoni au Chupa ya Choya: Kuchagua Ziara na Vifaa vya Sayansi kwa Shule za Tanga

Kila Januari ofisi ya walimu kwetu huwa na mjadala uleule. Mmoja anataka Mikumi, mwingine anasema wanafunzi wapelekwe Oldupai, mkuu wa shule anauliza kila mzazi atachanga shilingi ngapi, na mimi wa kemia na fizikia nipo kwenye kona nahesabu bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kimiminika, ambazo hazijavunjika. Mara ya mwisho zilikuwa nne. Kidato cha Tatu wako 62.

Kwa hiyo ninapolinganisha safari moja na nyingine, nalinganisha pia safari na vifaa, maana vyote vinatoka kwenye mfuko mmoja. Baada ya miaka ya kupeleka watoto huku na huko nimebaki na swali moja la kuchujia: wakifika, watapima nini kwa mikono yao? Jibu likiwa "watasikiliza maelezo", safari hiyo naishusha daraja hata kama mandhari yake yanapendeza. Kusikiliza maelezo wanaweza kukaa darasani wakanisikiliza mimi bure.

Nimeandika kwa walimu wa Tanga mjini na wilaya za jirani. Aliye Mtwara au Mombasa atabadilisha majina ya mahali, ila mikoko, chokaa na dainamo ya baiskeli anazo.

Mikoko ya Tongoni

Tongoni iko kama kilomita 20 kusini mwa mji, njia ya Pangani. Wengi huenda kwa ajili ya magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Sisi huyapitia, tukasalimia, kisha tunashuka kwenye tope. Ni safari ya nusu siku: kosta moja, mihogo ya kuchemsha, maji ya kunywa, na saa saba mchana mmerudi.

Jambo la kwanza linalowashangaza watoto ni kwamba mikoko si mti mmoja. Kule mbele, bahari inakopiga, kuna mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojitanua kama miguu ya buibui. Kisha msinzi na mkandaa, na juu karibu na nchi kavu mchu. Watoto wa wavuvi wanayajua majina haya kuliko mimi, na siku hiyo wale wanaokaa nyuma darasani ndio wanaokuwa walimu. Mchu pia huota mbele kabisa baharini, na mtoto akiuliza kwa nini uko pande zote mbili, usikimbilie kujibu. Mwache arudi nalo nyumbani.

Osmosis, yaani maji kupenya utando kufuata upande wenye chumvi nyingi, tunaifundisha kwa Kiingereza, wanaikariri kwa Kiingereza, na wanaisahau kwa lugha zote. Kwenye mchu namwambia mmoja achume jani, aligeuze, aliguse kwa ulimi. "Chumvi, mwalimu!" Basi hapo ndipo swali linapoanza: mti unakunywa maji ya chumvi, chumvi unaitoa wapi, na kwa nini haunyauki kama mchicha uliomwagiwa maji ya bahari?

Vipimo viko vya kutosha. Kamba ya mita 4 na vijiti vinne hukupa mraba wa mita moja kila upande. Hesabu mizizi ya kupumulia ya mchu ndani ya mraba, rudia mara tano kutoka baharini kwenda juu, chora grafu. Jaza chupa moja ya lita kwa maji ya bahari na nyingine kwa maji ya dimbwi lililobaki kule juu. Shuleni chemsha kila moja kwenye sufuria hadi ikauke, kisha pima chumvi kwa mizani ya jikoni. Maji ya bahari hutoa kama gramu 35. Dimbwi la juu mara nyingi huzidi, na mwanafunzi akishaona namba mbili tofauti huhitaji kumlazimisha afikiri kuhusu jua na mvuke.

Sasa kosa langu, usilirudie. Mwaka wa kwanza nilipanga tarehe kwa kuangalia ratiba ya mitihani peke yake. Tukafika saa nne asubuhi, watoto 30 na viatu mkononi, tukakuta maji yamejaa mpaka kwenye majani. Hakuna tope, hakuna mizizi, hakuna kaa. Mzee mmoja alikuwa anaziba ngalawa yake. Watoto wakamsalimia, "Shikamoo babu," akaitikia, akanitazama mimi.

"Mwalimu, leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya Mei.

"Siyo huo. Mwezi wa mbinguni."

Sikuwa najua. Ilikuwa siku ya nane ya mwezi mwandamo, yaani maji mafu. Akanieleza bila kunicheka, au kwa kucheka kidogo tu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua linapokuja, yaani maji kujaa na kupwa sana, na kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa asubuhi kama saa nne hadi saa tano, kisha yanajaa jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne ndiyo yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Tangu hapo kalenda ninayopangia ni ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani kwa jirani. Siku ya 1 hadi ya 3, au ya 15 hadi ya 17, ufike saa tatu na nusu, uyafuate maji yanavyoondoka. Na ukipenda, hilo lenyewe ni somo la fizikia la mwezi, jua na mvutano, ambalo hukulitolea hata senti.

Upungufu wake ni matope, jua kali na mbu. Mikoko pia ni msitu uliohifadhiwa kisheria, kwa hiyo hakuna kukata tawi, na barua ya kujitambulisha kwa ofisi za kijiji ipelekwe mapema.

Mapango ya Amboni

Yako karibu zaidi, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji kwa njia ya Horohoro, kwa hiyo ndiyo ziara ambayo shule nyingi huifanya bila kufikiri. Watoto wanayapenda. Giza, popo, mwongozaji mwenye tochi, habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950, na ule mbwa ambao watu husema uliingia Amboni ukatokea Kilimanjaro. Wakirudi wanaandika kurasa tatu, zote za mbwa.

Kosa si la mapango. Ni chokaa iliyotokana na bahari ya kale ya zama za Jurasiki, na kemia yake ni miongoni mwa zinazopendeza kuliko zote za Kidato cha Tatu. Tatizo ni kwamba mule ndani hupimi chochote zaidi ya joto. Ni urithi wa taifa. Huruhusiwi kumega jiwe wala kulidondoshea asidi. Kwa hiyo Amboni bila maandalizi naiweka chini ya Tongoni, na Amboni yenye maandalizi karibu inalingana nayo.

Maandalizi yenyewe ni dakika 40. Nunua chokaa ya kupaka ukuta, koroga vijiko viwili kwenye chupa ya maji, iache ilale hadi kesho, mimina yale maji maangavu ya juu. Kwenye chupa nyingine changanya siki na magadi ya kuokea, upitishe gesi yake kwa mpira mwembamba hadi kwenye maji ya chokaa. Yanageuka meupe kama maziwa. Wengi wetu huishia hapo, tukaandika "carbon dioxide ipo", kengele ikalia. Wewe endelea kupitisha gesi. Baada ya muda weupe unaanza kufifia, na ukivumilia maji yanarudi kuwa maangavu. Hivyo ndivyo mvua yenye gesi inavyoyeyusha jiwe na kutoboa pango. Sasa chukua maji hayo uyapashe moto: weupe unarudi. Hivyo ndivyo zile nguzo zinazoning'inia darini zinavyojengeka, ingawa pangoni gesi hutoka yenyewe polepole bila moto.

Mtoto aliyeona hayo Jumatano, akapelekwa Amboni Ijumaa, anainua tochi darini na kunyamaza. Mbwa wa Kilimanjaro hamkumbuki.

Amani

Ningekuwa na pesa bila ukomo ningewapeleka Amani, juu kwenye milima ya Usambara, kila mwaka. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu unaoizunguka umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Kuna mikwinini iliyopandwa kwa ajili ya dawa ya malaria, kuna mdalasini, kuna vinyonga ambao hutawaona mjini. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani asili yake ni misitu ya huku. Yalipelekwa Ujerumani na mtawala wa kikoloni, Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, na jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, lilitokana na huyo bwana, siyo na Wasambaa waliokuwa wakipita kando yake kila siku. Hilo nalo wape watoto walijadili.

Vipimo vipo. Beba kipimajoto kimoja. Soma Muheza mjini, soma tena Sigi, soma tena juu Amani, kila mara kivulini na gari likiwa limesimama. Mmepanda kama mita 700, na hesabu ya kitabuni husema joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita moja ya kwenda juu, kwa hiyo mtegemee tofauti ya nyuzi nne au tano. Jua la asubuhi huvuruga kidogo, kwa sababu mnapanda huku siku nayo inapata joto. Waache wagundue kasoro hiyo wenyewe.

Kwa walimu wa baiolojia wa Kidato cha Tano na cha Sita, somo kubwa ni mti mmoja: Maesopsis eminii. Uliletwa kutoka kwingine, ukapandwa, ukapenda mno mahali hapo. Hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu msituni. Ikolojia yote ya viumbe wavamizi iko kwenye mti huo na ndege huyo, huna haja ya mifano ya Australia.

Lakini. Barabara ya kupanda ni ya kona baada ya kona, na kwenye masika au vuli tope lake halichezewi. Kosta zetu za mjini nyingi hazifai. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Tanga kunakupa saa chache tu za kazi, na nusu ya watoto wametapika. Amani ni ya kulala, na kulala maana yake chakula, malazi, walezi wa kike na wa kiume, na mchango ambao mzazi wa watoto watatu hawezi. Mimi naipa Kidato cha Sita tu, mwezi Juni au Julai.

Hale na Pangani Falls

Hii ni kwa fizikia na karibu si kwa kingine. Kituo cha Hale, kati ya Muheza na Segera, kimekuwa kikizalisha umeme kwa maji ya Mto Pangani tangu 1964 na uwezo wake ni megawati 21. Chini yake kuna kituo kipya cha Pangani Falls cha megawati 68, cha miaka ya 1990. Kibali huombwa TANESCO kwa barua ya shule, na barua hiyo ianze kutembea muhula mmoja kabla.

Huko hakuna kitu cha kugusa, na ni sawa kisiguswe. Kelele ni kubwa kiasi kwamba maelezo huyasikii vizuri. Ukilipima kwa swali langu la kuchujia, Hale inafeli. Kinachoiokoa ni hesabu. Pangani Falls maji hushuka kama mita 170. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, kwa hiyo kila mita ya ujazo inayoshuka kwa sekunde moja hubeba 1,000 × 9.8 × 170, ambayo ni wati 1,666,000. Gawa megawati 68 kwa hizo, unapata karibu mita za ujazo 41 kwa sekunde, na mitambo haina ufanisi wa asilimia mia, kwa hiyo maji yanayohitajika ni zaidi. Darasa linalofanya hesabu hii kabla ya kuondoka linafika pale likitazama mto na kuuliza kiangazi inakuwaje.

Kabla ya Hale, tafuta dainamo ya baiskeli. Kwa mafundi haikosekani. Geuza baiskeli juu chini, mtoto azungushe pedali bila taa, kisha unganisha taa bila kumwambia. Atasema, "Mwalimu, imekuwa nzito." Uzito huo aliousikia mkononi ndio sababu ya mto mzima kuhitajika kule Hale. Ukinilazimisha kuchagua kimoja, dainamo, na sibishani.

Za mbali

Mikumi, kilomita za mraba 3,230 za wanyama, ni zawadi nzuri kwa wanaohitimu. Oldupai, alikopata Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, ni mahali ambapo kila Mtanzania angepaswa kufika. Kama ziara za sayansi kutoka Tanga, zote mbili watoto watapima urefu wa barabara. Saadani iko karibu zaidi, na ukiwa na wafadhili ni afadhali.

Vifaa: pesa ya kosta moja inanunua nini

Hapa ndipo wakuu wa shule wanaponisikiliza, kwa sababu namba ni ndogo.

Choya, ile inayopikwa juisi ya Ramadhani. Loweka konzi moja kwenye maji ya moto, chuja. Ukiidondoshea ndimu inakuwa nyekundu inayowaka; magadi ya kuokea yanaipeleka kwenye zambarau na kijani. Kiashirio cha asidi na besi kwa shule nzima kwa bei ya glasi chache za juisi. Inachacha haraka, kwa hiyo tengeneza asubuhi ileile.

Kwa titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuidondoshea besi kidogo kidogo, mabomba ya sindano ya mililita 10 na 20 yasiyo na sindano huchukua nafasi ya bureti. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa kioo, lakini kila wanafunzi wawili wanakuwa na lao, na mwanafunzi aliyefanya mara nane kwa bomba huishika bureti ya mtihani kwa mkono usiotetemeka kuliko aliyemtazama mwenzake mara moja. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni, gramu 4 kwa lita. Asidi ya betri kutoka kwa fundi magari, mililita 10 ndani ya lita moja ya maji, hukupa asidi ya salfuriki ya karibu 0.05 M. Nasema karibu, kwa sababu fundi hajui nguvu yake. Ipime kwanza mwenyewe. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Kuyeyusha na kuzimua ni kazi ya mwalimu akiwa peke yake, amevaa miwani na glavu, na ndoo ya maji iko karibu. Asiyeweza kulisimamia hilo aanze na siki na magadi.

Betri kavu kubwa zilizokwisha usizitupe. Kijiti cheusi cha katikati ni kaboni, unakitumia kama elektrodi. Dawa ya kidonda yenye iodini huweka rangi nyeusi ya buluu kwenye muhogo na ugali, na haiweki kwenye yai.

Mikroskopu ndiyo inayotuuma. Foldscope, ile ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa Stanford, hukuza mara 140 na hata ikianguka sakafuni hupati hasara, ila inabidi iagizwe nje. Wakati unaisubiri, toboa tundu dogo kwenye kipande cha plastiki kigumu, weka tone la maji, tazama ngozi ya kitunguu karibu kabisa na jicho. Haitoshi kwa mtihani. Kwa Kidato cha Kwanza inatosha kabisa.

Ukiwa na kompyuta mpakato moja na projekta, PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni bure, inapakuliwa na kufanya kazi bila intaneti, na baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Naitumia kwa mambo yasiyoonekana: mkondo ndani ya waya, molekuli zikigongana. Kwa jambo linaloweza kufanyika mezani siitumii, nimeona watoto wakibofya tu. Walimu wa msingi wana Ubongo Kids, ambayo watoto wengi wanaijua tayari kutoka kwenye televisheni.

Kwa hiyo mwaka huu

Ukiwa na darasa kubwa na mfuko mdogo, nunua mabomba, choya na chokaa kwanza, kisha Tongoni kwa makundi mawili. Ukiwa na darasa la mtihani lenye fizikia dhaifu, dainamo muhula wa kwanza na Hale wa pili. Amboni iende na mwalimu wa kemia, siyo na yeyote aliye na nafasi Ijumaa. Amani isubiri kiangazi na wazazi watakaokubali.

Kwetu mkuu wa shule ameshatia sahihi. Kidato cha Tatu, kundi la kwanza, siku ya 16 ya mwezi mwandamo, kosta inaondoka saa mbili na nusu asubuhi: kamba, vijiti, chupa mbili za lita, nguo za kubadili. Atakayekuja na raba nyeupe shauri yake.